Sholay Baada ya Miaka Hamsini: Sarafu ya Jai na Urafiki wa Ugenini



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia riwaya na mashairi. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie picha ya Kihindi, tena siyo picha yoyote bali Sholay, ambayo tarehe 15 Agosti 2025 ilitimiza miaka 50 tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko India. Wapo watakaosema kwamba picha ya Kihindi siyo jambo la kuandikiwa makala. Kwao tunajibu hivi: kazi ya sanaa inayoweza kuwakalisha kitako babu, baba na mjukuu kwa zaidi ya saa tatu, katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua sawasawa, inastahili kuulizwa imewezaje.

Hapa Abu Hamour swali hilo haliko mbali nasi. Mtaa wetu una shule za Kihindi, na una duka kubwa liitwalo Dar Al Salam, jina ambalo kila mgeni kutoka Tanzania akiliona kwa mara ya kwanza hutabasamu. Majirani zetu wengi wametoka Kerala. Kwao nao Kihindi ni lugha ya kujifunza. Nyumbani wanazungumza Kimalayalam. Lakini mtajie Gabbar Singh dereva wa teksi kutoka Peshawar, fundi wa umeme kutoka Kochi na karani kutoka Tanga, wote watatu watacheka kicheko kimoja. Hakuna riwaya tuijuayo inayoweza kufanya hivyo katika jiji hili.

Kwa faida ya vijana, tusimulie kwa ufupi. Veeru (Dharmendra) na Jai (Amitabh Bachchan) ni wezi wadogo wadogo, watu wa kuingia jela na kutoka, wasio na baba wala mama wala kwao. Thakur Baldev Singh (Sanjeev Kumar), aliyekuwa ofisa wa polisi, anawatafuta na kuwapa kazi: wamkamate akiwa hai jambazi Gabbar Singh (Amjad Khan), anayekinyanyasa kijiji cha Ramgarh. Thakur ana kisa chake. Gabbar aliwahi kuiteketeza familia yake, akasalimika mkazamwana mmoja tu, Radha (Jaya Bhaduri), kisha akamkata Thakur mwenyewe mikono yote miwili. Wezi wale wanakubali kwa sababu ya fedha. Baadaye fedha inasahaulika. Veeru anampenda Basanti (Hema Malini), msichana mwenye maneno mengi anayeendesha gari la farasi. Jai anampenda mjane Radha bila kusema neno. Mwisho Jai anakufa.

Hapo kwenye kufa ndipo tulipopigwa na butwaa sisi tuliokulia katika majumba ya sinema na baadaye kwenye mikanda ya video. Mnakumbuka sheria ya picha: stelingi hafi. (Ndugu zetu wa Mombasa husema "staringi", lakini sheria ni ile ile.) Stelingi hupigwa, hufungwa kamba, hutupwa mtoni, na watoto wa viti vya mbele hawahangaiki kwani wanajua atarudi. Katika Sholay stelingi ni wawili, na mmoja anakufa kweli, mikononi mwa mwenziwe. Imeelezwa kwamba hata watengenezaji wenyewe waliingiwa na hofu. Wiki ya kwanza watazamaji walikuwa kimya ukumbini, magazeti yakaikosoa, na ukazuka mjadala kama wairudie sehemu ile ili Jai apone. Hawakuirudia. Baadaye ikafahamika kwamba ukimya ule haukuwa wa kuchoshwa. Picha ikakaa katika jumba la Minerva mjini Bombay kwa zaidi ya miaka mitano.

Ukiwauliza watu kwa nini Sholay haichuji, utapata majibu matatu. La kwanza ni Gabbar, adui aliyeipita sifa ya stelingi. La pili ni nyimbo na muziki wa R. D. Burman, hasa wimbo wa pikipiki ulioimbwa na Kishore Kumar na Manna Dey. La tatu ni mapigano, farasi na gari moshi. Yote ni kweli. Lakini picha nyingi za miaka ile zilikuwa na adui mkali, nyimbo tamu na farasi wengi, nazo leo hatuzikumbuki hata majina. Kwa hiyo majibu hayo hayatoshi, na hapa tunaomba tutoe letu.

Sisi tuliosomea uhandisi tuna tabia mbaya: tukiingia jengo zuri, macho yetu hayaendi kwenye marumaru, yanaitafuta nguzo. Nguzo ya Sholay ni kitu kidogo kuliko vyote vinavyoonekana ndani yake: sarafu ya Jai. Marafiki hawa wakishindwa kuamua jambo, Jai hurusha sarafu. Tunaiona mapema sana, pale kwenye gari moshi, Thakur akiwa bado ofisa wa polisi, amejeruhiwa kwa risasi, na wezi hawa wawili wana nafasi ya kumwacha afe na kutoroka zao. Jai anarusha. Sarafu inaanguka kichwa, wanampeleka hospitali. Tunacheka, tunasema hawa jamaa bwana, maisha yao yote ni kamari. Basi tunaisahau.

Inarudi mwishoni. Marafiki wako upande wa pili wa daraja, risasi zinakwisha, majambazi wanakuja, Jai amekwisha kujeruhiwa. Mmoja lazima abaki kuwazuia, mwingine akimbie kuleta risasi. Jai anarusha sarafu: kichwa, yeye atabaki. Inaanguka kichwa. Veeru anaondoka akiamini kwamba bahati imeamua. Aliporudi Jai alikuwa amelilipua daraja na yuko katika pumzi za mwisho. Ndipo Veeru anaiokota sarafu, anaigeuza, na kuona kwamba pande zote mbili ni kichwa.

Tafadhali wasomaji, lifikirieni jambo hilo kwa utulivu. Shilingi yetu ya zamani ilikuwa na kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili, ukiirusha, hujui. Sarafu ya Jai haikuwa na mwenge. Maana yake ni kwamba hakukuwa na kamari tangu mwanzo. Pale kwenye gari moshi, Jai alikuwa amekwisha kuamua kumwokoa Thakur, ila aliona haya kujionyesha mwema mbele ya mwenziwe, akausingizia upande wa sarafu. Kwa hiyo picha nzima tuliyoiona inabadilika nyuma yetu, na ndiyo sababu tunairudia. Mara ya kwanza tunaitazama kwa macho ya Veeru, aliyedanganywa. Mara ya pili tunaitazama kwa macho ya Jai, anayejua. Waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, waliuweka mzigo wote wa mwisho juu ya kitu walichotuonyesha mwanzoni wakijua tutakidharau. Filamu hii ilipata tuzo moja tu ya Filmfare, nayo ilikwenda kwa M. S. Shinde kwa uhariri. Wengi huona hiyo ilikuwa dhulma, na kwa waigizaji ilikuwa dhulma kweli. Lakini aliyeitoa tuzo ile hakukosea kutambua kazi ya kupanga nini kitangulie na nini kifuate.

Wapo wanaosema Sholay ni ya kuiga. Ni kweli kwamba wanakijiji kukodi wapiganaji kumetoka katika Seven Samurai ya Kurosawa ya mwaka 1954 na ile ya Kimarekani iliyoifuata mwaka 1960; kuuawa kwa familia kunamkumbusha mtu kazi ya Sergio Leone ya mwaka 1968; na marafiki wawili wahalifu tuliwaona katika Butch Cassidy and the Sundance Kid ya mwaka 1969. Lakini tazameni tofauti. Butch na mwenziwe wanakufa pamoja, na kufa pamoja kuna faraja yake. Sholay inamwacha mmoja hai, sarafu mkononi, ajue alichofanyiwa. Hilo ni zito zaidi.

Tena sisi Waswahili hatukuhitaji Marekani itufundishe kumpenda mjanja. Tumelelewa na Sungura na Abunuwasi. Abunuwasi hudanganya matajiri na masultani, nasi tunamshangilia, kwani tunajua wenye nguvu wana sheria na wanyonge wana akili tu. Lakini mjanja wa hadithi zetu huwa peke yake, na ujanja wake hurudi kwake mwenyewe: apate nyama, apate fedha, aokoe shingo yake. Hata riwaya zetu za upelelezi, ambazo zina marafiki wawili katika Bwana Msa na Najum wa Muhammed Said Abdulla, huwapa wenzi hao kazi ya kufumbua, siyo ya kufiana. Jai ni mjanja wa aina nyingine. Hila yake kubwa kuliko zote anamfanyia rafiki yake, na faida yote inakwenda kwa aliyedanganywa. Nadhani hadhira yetu ya pwani, iliyokwisha kumpenda Raj Kapoor wa Awara ya mwaka 1951 kama jambazi mwenye moyo, ilimpokea Jai kama mtu wa ukoo ule ule aliyekwenda mbali zaidi.

Sasa tuje kwenye mwisho, kwani kuna habari mpya. Mwisho tuliokua nao sisi ni huu: Thakur, asiye na mikono, anamshambulia Gabbar kwa miguu yenye viatu vya misumari, anakaribia kumuua, mara polisi wanatokea na kumkumbusha sheria. Nani kati yetu hakucheka? Utani wa polisi wa picha ya Kihindi kufika kila kitu kikiwa kimekwisha ni wa zamani kuliko sisi. Lakini mwisho huo haukuwa chaguo la mwongozaji Ramesh Sippy. Juni 1975 India iliingia katika hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi haikutaka kumwona ofisa wa polisi wa zamani akichukua sheria mkononi. Katika mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar, kisha anabaki akilia. Mwisho huo ulikuwa ukizunguka kwenye mikanda na diski kwa miaka mingi, na mwaka 2025 ukarudishwa rasmi katika nakala iliyokarabatiwa na Film Heritage Foundation, iliyoonyeshwa Bologna, Italia, mwezi Juni na kuingia majumba ya sinema ya India tarehe 12 Desemba. Dharmendra hakuiwahi siku hiyo. Alifariki tarehe 24 Novemba 2025 akiwa na umri wa miaka 89.

Upi ni bora? Msimamo wetu ni kwamba wa awali ni bora, ingawa siyo kwa sababu ya damu. Mwisho wa polisi unampa Thakur ushindi na sheria pia, kama kwamba mtu aweza kuvipata vyote viwili bila gharama. Mwisho wa awali unamwonyesha amelipata alilolitaka na hana tena la kufanya duniani. Familia haikurudi, mikono haikurudi, na kijana aliyemkodi amekufa. Kilio kile ndiyo hesabu ya kweli ya kisasi.

Lakini tusiwahi kusema kila kilichokatwa kilikuwa hasara. Ahmed, mwana wa imamu kipofu wa kijiji, anauawa na Gabbar. Katika picha tuliyoizoea hatuyaoni mauaji. Tunamwona Gabbar amejilaza, mdudu anatambaa mkononi mwake, anampiga na kumponda. Kisha farasi anaingia kijijini na maiti. Kipande cha ukatili wenyewe kilipiganiwa na wapenzi wa filamu wakitaka kukiona. Sisi tunasema mdudu yule anatosha. Mkasi huo huo uliouharibu mwisho uliisaidia sehemu hii, na mpenda sanaa mwaminifu hana budi kuyakubali yote mawili.

Kuna kasoro pia, nazo tusizifunike kwa mapenzi. Radha hapewi maneno. Uzuri wa sehemu zake haukanushiki: yeye anazima taa barazani moja baada ya nyingine, Jai yuko chini anapuliza kinanda cha mdomo, mwanga wa magharibi unakwisha. Mpigapicha Dwarka Divecha aliungojea mwanga huo siku nyingi kwa ajili ya dakika chache. Lakini huyu ni mwanamke aliyefiwa na mume, akapata matumaini ya pili, akafiwa tena, na picha inamwacha dirishani bila kumuuliza lolote. Basanti naye, mwanamke anayefanya kazi yake mwenyewe na kuitetea kwa ulimi wake, mwishowe anachezeshwa juu ya vigae vya chupa ili kumwokoa mwanamume. Binti zetu wakitazama huuliza maswali hapo, na wana haki. Vichekesho vya jela, vya Asrani aliyefariki Oktoba 2025, bado vinachekesha, ila ni virefu. Kijana wa leo anaanza kushika simu.

Pamoja na hayo yote, tunaamini picha hii ina neno la pekee kwetu sisi tunaoishi ugenini, na ndiyo sababu hasa ya kuiandikia hapa. Jai na Veeru hawana ukoo. Katika hadithi zetu nyingi za nyumbani mtu hupimwa kwa ukoo: mwana wa nani, shangazi yake nani, kazikwa wapi babu yake. Hawa wawili hawana hata kimoja cha hivyo, wana mmoja na mwingine. Mtu aliyefika Doha na sanduku moja na mkataba wa miaka miwili anaielewa hali hiyo. Hapa anayekupeleka hospitali usiku ni rafiki. Anayesimama upande wako siku ya posa ni rafiki, na pale Jai anapokwenda kumposea Veeru kwa shangazi yake Basanti, akimsifu na kumharibia kwa sentensi moja, tunacheka kuliko watazamaji wa nyumbani, maana wengi wetu tumewahi kuposewa na marafiki. Na anayefuatana na maiti uwanja wa ndege ni rafiki. Waswahili walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi tungeongeza kwamba ugenini dhiki huwa haiko mbali.

Tutoe mfano mmoja, bila majina. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni moja ya ujenzi, mafundi wawili wa kwetu waliambiwa kwamba nafasi yao ni moja tu, waamue wenyewe nani abaki. Mmoja alikuwa na watoto shuleni hapa hapa Abu Hamour. Mwenziwe akasema ni heri kabisa, kwani amekwisha kupata kazi nzuri nyumbani na alikuwa akitafuta namna ya kuaga. Akafanyiwa karamu, akapewa zawadi, akaondoka akicheka. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo ikajulikana kwamba hakukuwa na kazi yoyote nyumbani. Alikuwa amerusha sarafu ya Jai.

Aliyebaki alipotusimulia hakujua afurahi au akasirike. Hilo ndilo jambo ambalo Sholay inalijua na nyimbo za urafiki hazilijui. Veeru anapoigeuza ile sarafu na kuitupa, usoni mwake hakuna shukrani, kuna ghadhabu. Rafiki amemnyima haki ya kuchagua. Amempa uhai na deni lisilolipika kwa pamoja. Wimbo wa pikipiki unaahidi kwamba wawili hawa hawataachana; sarafu inaonyesha kwamba mmoja aliijua siku ya kuachana na alikwisha kuipangia. Picha inayoweza kubeba wimbo ule na sarafu ile bila kukiacha kimoja kidondoke siyo picha ya watoto.

Milima ya mawe ya Ramanagara, ambako kijiji cha Ramgarh kilijengwa kwa ajili ya upigaji, iko karibu na barabara itokayo Bangalore kwenda Mysore. Baadhi yetu tuliosoma India tulipita hapo kwa basi, na abiria walikuwa wakionyeshana mawe kama watu wanaoonyeshana kaburi la walii. Majumba mengi tuliyoyatazamia sinema kwetu hayapo tena. Ule uwanja wa Drive-In wa Dar es Salaam leo una ubalozi wa Marekani. Picha yenyewe imewapita wengi wa waliomo ndani yake: Sanjeev Kumar aliondoka 1985, Amjad Khan 1992, Burman 1994.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi wenzetu wa hapa Doha na popote mlipo: tafuteni usiku mmoja wa Alhamisi, chemsheni chai ya kutosha, wawekeeni watoto nakala yenye mwisho wa awali, na wazuieni simu kwa saa ya kwanza tu; baada ya hapo hawatazitaka. Waelezeni Thakur ni nani na hali ya hatari ilikuwa nini. Waelezeni kwa nini babu zao walicheka polisi walipofika. Lakini habari ya sarafu msiwaambie.

Wasalaam.